Sindano na Visanduku

Jina la Sindano alipewa na wenzake wa kazini, na waliompa hawakukusudia kumsifu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, shingo imenyooka, na ulimi wake ukikugusa lazima utoe damu. Alilijua jina hilo na hakulichukia. "Afadhali sindano," alisema, "kuliko nyie pamba."

Alifanya kazi katika hospitali ya macho, ghorofa ya pili, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Rafu za mbao bado zilipanda hadi darini, ila sasa zilibeba kompyuta zilizokufa, nyaya zilizosokotana, na feni isiyo na mguu. Meza yake ilikuwa dirishani, na hakuna aliyethubutu kuweka kikombe juu yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kliniki ndogondogo za kila upande zilituma hospitalini orodha za watu waliohitaji upasuaji wa macho, na kila kliniki iliandika ilivyojua yenyewe. Huyu kaandika jina lote kwenye safu moja, yule kaligawa mara tatu. Huyu tarehe kaiandika kwa namba, yule kwa maneno. Mwingine namba ya simu kaitia kwenye nafasi ya umri, ukasoma kwamba bibi wa watu ana miaka milioni mia saba. Fujo hiyo yote ilitakiwa iingie upande mmoja na itoke upande wa pili ikiwa orodha moja safi ya watu wa kuitwa wiki inayofuata. Njia hiyo wenyewe waliiita bomba: data chafu inaingia huku, data safi inatoka kule.

Bomba lile alilijenga Sindano kwa mkono wake. Aliandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari. Kulikuwa na skripti ya kunyoosha majina, ya kunyoosha tarehe, na ya kuwafuta watu walioandikwa zaidi ya mara moja, ambao pale ofisini waliitwa madabo. Likizuka tatizo jipya, aliongeza mistari miwili mitatu kwenye skripti ya zamani na hakumweleza mtu. Ukimwuliza, alikujibu kwa swali: "Orodha inatoka au haitoki?" Inatoka. "Basi nenda kale."

Ukali huo hakuuokota njiani. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na nyumbani kwao mtoto aliyepata tisini na nane aliulizwa zile mbili kazipeleka wapi, huku fimbo ikiwa imelala mezani. Ndugu zake walikimbia mmojammoja, wakaoa na kuolewa mbali. Sindano alibaki. Wachumba walikuja wakaondoka. Mmoja aliondoka siku ileile aliyokuja, baada ya kusahihishwa matamshi yake mbele ya wageni. Baba yake alipopigwa na kiharusi, upande mmoja ukafa, akawa wa kulishwa na kugeuzwa kitandani. Sindano alimlisha kila jioni. Hakumnyima kitu, hakumchelewesha, ila kijiko alikipeleka kwa nguvu, kikawa kinagonga meno.

Mambo yalianza kubadilika alipokuja bosi mpya. Hakuwa mtu mbaya, wala mtu mwema. Alikuwa mtu wa kuogopa aibu. Katika kikao chake cha kwanza aliuliza, "Sindano akiugua, nani ataliendesha hili bomba?"

Watu wakaangalia sakafu.

"Siugui," alisema Sindano.

Bosi hakubishana naye. Baada ya muda ukanunuliwa mfumo uliokuja na zana zake ndani. Humo huandiki kitu. Kila hatua imekwisha kutengenezwa na kutiwa ndani ya kisanduku kwenye skrini: kisanduku cha kugawa majina, cha kunyoosha tarehe, cha kuondoa madabo. Unakivuta kwa mausi, unakiunga na mwenzake kwa mstari, data inapita. Na ukitaka kujua kisanduku kimefanya nini, unakibofya, kinakufungulia: hawa wameingia, hawa wametoka, hawa wameachwa.

Pamoja na mfumo akaletwa mtu wa kuuendesha, mwanamke mpole aliyeachishwa kazi na kampuni ya bima, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anaposalimia. Alipewa meza karibu na mlango. Asubuhi ya kwanza alimwendea Sindano kwa adabu zote.

"Shikamoo, dada. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye bomba. Naomba unifundishe."

"Nikufundishe nini? Si una visanduku?"

Chumba kikacheka. Tangu siku ile yule mwanamke akaitwa Bi Visanduku, na jina likamganda kama gundi, mpaka walinzi wa getini wakalijua.

Kwa haki, hoja ya Sindano haikuwa ya kijinga. Alisema zana za tayari ni kama nguo za dukani, humkaa vizuri yule aliyefanana na sanamu ya dukani, na kliniki zao hazikufanana na kitu. Kisanduku kinajua kugawa jina palipo na nafasi. Hakijui la kufanya na karani anayebandika jina la mgonjwa, la mama yake na la mtaa wao bila hata mkato. Skripti unaiambia unalotaka. Bi Visanduku naye, kwa sauti yake ile ya chini, alisema kisanduku kila mtu anaweza kukifungua akaona kilichomo, lakini skripti za dada anazisoma dada peke yake.

"Wasiojua kusoma waende shule," Sindano alimjibu.

Bosi akachoka. "Nataka nione kwa macho yangu," alisema. "Orodha moja, njia mbili. Ijumaa, mbele ya kitengo chote."

Sasa, kulikuwa na jambo alilolijua Sindano na mwenzake hakulijua. Kliniki moja kubwa ilikuwa imeanza kuandika mwaka wa kuzaliwa kwa tarakimu mbili tu, na karani wa huko alimpigia Sindano simu kumwarifu. Sindano alimshukuru, akarekebisha skripti yake alasiri ileile, kisha akahakikisha orodha ya majaribio inatoka kliniki hiyo. Bi Visanduku alimwuliza mara mbili kama kuna lolote la kuangalia kwenye orodha ile. Mara mbili Sindano alimwambia, "Iko kawaida."

Ijumaa ikafika. Skripti ya Sindano ilitoa orodha safi. Visanduku navyo vilitoa orodha safi kwa kuitazama, mpaka bosi alipoanza kusoma miaka. Mzee aliyezaliwa mwaka arobaini na nane alikuwa amezaliwa elfu mbili na arobaini na nane. Bibi wa hamsini na mbili, vivyo hivyo. Ukurasa mzima wa vikongwe ambao hawajazaliwa.

"Hawa wa Bi Visanduku," alisema Sindano taratibu, "tuwapeleke hospitali ya uzazi kwanza. Wakishazaliwa tutawatazama macho."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bosi mwenyewe alicheka. Bi Visanduku alisimama mbele ya skrini, mausi mkononi, akijaribu kutabasamu nao, na tabasamu likakataa. Baadaye walimsikia chooni amefungua bomba la maji lote ili asisikike, na bado akasikika.

Uamuzi ukawa kwamba skripti ziendelee. Bi Visanduku akapelekwa chini, kwenye dirisha la mapokezi, kuwajibu watu wanaokuja kuulizia majina yao. Siku ya kuhama, Sindano alijitolea kumbebea kiti. Alikibeba mpaka juu ya ngazi, akakiweka.

"Mimi naishia hapa," alimwambia. "Kuteremka ni shauri lako."

Huko dirishani, Bi Visanduku alijifunza kusikiliza. Watu waliingiza nyuso zao kwenye kitundu cha kioo na kusema shida zao kwa sauti kubwa, kana kwamba asiyeona ni yeye. Siku moja alikuja mama mmoja, mfanya usafi wa maofisini, ameshika watoto wawili wa kike, mmoja kila mkono. Walikuwa mapacha wa miaka mitano, wamevaa sawasawa. Wote wawili walizaliwa na mtoto wa jicho. Mmoja aliitwa akapasuliwa akiwa na miaka mitatu, na sasa alikuwa akisoma kwa sauti mabango ya ukutani, herufi mojamoja. Mwenzake hakuitwa.

"Kila nikija naambiwa nisubiri, zamu yake inakuja," alisema yule mama. "Dada yangu, nimesubiri mpaka nimeona haya kuuliza. Lakini walipimwa siku moja, na daktari yuleyule. Zamu gani hiyo inayompita huyu kila mwaka?"

Bi Visanduku aliandika majina. Yalianza sawasawa, kama wazazi wengi wanavyopenda kuwaita mapacha, yakaja kuachana mwishoni.

Mfumo ulikuwa umelipiwa, na hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya neno lake la siri. Saa za chakula akakaa peke yake na orodha za kliniki, zile chafu, kabla hazijaguswa. Aliichukua skripti ya Sindano ya madabo kwenye kompyuta ya kitengo na kuisoma kwa shida, neno kwa neno, maana haikuwa na hata mstari mmoja wa maelezo. Alipoielewa, aliichukua kanuni yake na kuitia kwenye kisanduku: jina la ukoo likiwa moja, tarehe ya kuzaliwa ikawa moja, simu ikawa moja, na herufi tatu za mwanzo za jina la kwanza zikawa moja, basi huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Mbakize mmoja, mfute wa pili. Kisha akakibofya kisanduku kimfungulie walioachwa.

Walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa madabo ya kweli, mtu yuleyule kaandikwa na makarani wawili. Lakini katikati yao, kama mawe kwenye mchele, walikuwamo watoto waliozaliwa siku moja na ndugu zao.

Angeweza kupanda ngazi siku ileile. Angeweza kumwambia Sindano faraghani, au bosi, au daktari. Hakupanda. Kikao kikubwa cha kitengo, ambacho madaktari nao huhudhuria, kilikuwa kimebakiza majuma mawili, akangoja. Kila asubuhi alimwamkia Sindano kwa unyenyekevu uleule wa zamani. Na katika majuma hayo mawili yule mtoto hakuitwa, na aliyejua ni kwa nini haitwi alikuwa mmoja tu.

Siku ya kikao aliingia na mgeni. Yule mama alikuwa amevaa nguo zake nzuri. Aliambiwa kuna watu wanataka kumsaidia. Watoto aliwaketisha pembeni kwenye kiti kimoja.

"Huyu mama ni nani?" bosi aliuliza.

"Ana swali kwa Sindano, bosi. Lakini kwanza naomba nionyeshe kisanduku kimoja tu. Kimoja."

Sindano akacheka. "Safari hii wamezaliwa?"

Hakuna aliyemfuata kucheka, maana skrini ilikuwa imeshawaka. Kushoto majina yaliyobakizwa, kulia majina yaliyofutwa. Bi Visanduku alieleza kanuni pole kwa pole, na kila alipofika kwenye sehemu ngumu alisema, "Hii nimeitoa kwenye skripti ya dada, kama alivyoiandika mwenyewe."

"Kwa nini herufi tatu?" aliuliza daktari wa watoto.

"Kwa sababu makarani wa kliniki hawajui kuandika," alisema Sindano. Sauti yake ilikuwa bado imenyooka. "Mtu mmoja wanamwandika mara tatu, kila mara mwisho wa jina tofauti. Nikilinganisha jina zima, mtu mmoja ataitwa mara tatu, na vitanda viwili vitalala vitupu."

Ilikuwa kweli tupu. Mstari ule ulikuwa umeokoa vitanda miaka mingi, na aliuandika alasiri moja akaona fahari juu yake.

"Na mapacha?" daktari aliuliza.

Sindano aliitazama skrini. Katika miaka yote ile mapacha hawakuwahi kumpitia kichwani, hata kwa bahati mbaya.

Yule mama hakufuata habari za safu na kanuni. Yeye aliona majina ya watoto wake ukutani, makubwa, moja kushoto, moja kulia.

"Hii ya kulia ni orodha ya nini?" aliuliza.

Bosi alianza kukohoa. Bi Visanduku akajibu kwa ile sauti yake laini. "Ni waliofutwa, mama. Kompyuta iliona wamejirudia. Sisi hapa tunawaita madabo."

"Mwanangu ndiye dabo?"

Pembeni, yule mtoto asiyeona vizuri alisikia akitajwa. Akamgeukia mwenzake, akamnong'oneza kwa furaha ya kupata jina jipya, "Mimi ndiye dabo."

Sindano alisikia. Kila mtu chumbani alisikia. Na hapo, badala ya kunyamaza, alisema neno ambalo watu walilisimulia muda mrefu baadaye. Alisema, "Kliniki ingeandika 'pacha' pembeni, hili lisingetokea."

"Nilikuja nao wote wawili," alisema yule mama. Hakupandisha sauti. "Mmoja kila mkono. Nani alishindwa kuona kwamba ni wawili?"

Daktari alimwita mtoto, akampindua kope dirishani, akamtazama. Alisema watampasua wiki hiyohiyo. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupaka mambo asali, akamweleza mama yake asitegemee makubwa. Jicho likikaa gizani utotoni, ubongo hulisahau; hata likisafishwa, linakuwa dirisha safi la nyumba isiyo na mtu. Mama alitikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya kitu. Akawanyanyua watoto wake, akauliza mlango wa kutokea uko wapi.

Sindano hakufukuzwa. Bosi alitaka kumfukuza, lakini skripti zilikuwa bado zinaliendesha bomba, na hakuna mwingine aliyezijua. Kwa hiyo alipewa adhabu ambayo mbele yake kufukuzwa kungekuwa rehema. Bi Visanduku alirudishwa juu, akawekwa kwenye meza ya Sindano pale dirishani, na Sindano akaagizwa amsomee skripti zake zote, mstari kwa mstari, kila mmoja ugeuzwe kuwa kisanduku.

Walikaa hivyo majuma mengi. Bi Visanduku aliweka kikombe chake cha chai juu ya ile meza.

"Soma, dada."

Sindano alisoma.

"Mstari huu una maana gani?"

"Unaondoa nafasi zilizozidi."

"Sema kwa lugha ambayo hata wa mapokezi ataelewa."

"Ukiona nafasi mbili baina ya maneno, fanya moja."

"Asante. Kumbe unaweza. Soma tena kuanzia juu."

Alimsomesha tena hata pale alipokwisha kuelewa. Wengine chumbani walijifanya wanafanya kazi. Sindano hakulia, na hilo lilimfanya mwenzake aongeze.

Watoto waliofutwa walitafutwa, wakapatikana arobaini na kitu. Jioni ya siku iliyopatikana idadi hiyo, Sindano alipomlisha baba yake, mchuzi ulimwagika kifuani kwa mzee.

"Leo umemwaga," alisema mzee. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo, lakini akili ilikuwa nzima. "Umekosa ngapi?"

Hakujua mzee aliyasoma wapi. Labda usoni kwake.

"Arobaini na kitu."

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya maelfu, baba."

Mzee alifikiri, akitafuna. Kisha akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki hai. "Basi umefaulu," alisema. "Umefaulu vizuri sana." Akacheka mpaka chakula kikamtoka, na Sindano akamfuta, akakaa na kitambaa mkononi. Maisha yake yote alikuwa akingoja kuambiwa neno hilo.

Visanduku vilipokamilika, bomba lilienda. Sindano alikuwa amejipa moyo kwamba halitaenda. Kila Jumatatu alingoja lizibe. Halikuziba. Ni mahali pamoja tu palipowashinda, ile kliniki ya majina yaliyobandikana, na hapo Bi Visanduku alikubali skripti fupi itiwe ndani ya kisanduku kimoja. Aliyeiandika ni Sindano. Ilisomwa na watu wawili kabla ya kutumiwa, ikawekewa maelezo kila mstari, na ilifanya kazi vizuri kuliko zote alizowahi kuandika. Jina lake halikuwekwa.

Yeye akapelekwa kwenye meza ya simu, ghorofa ya kwanza, kuwaita wagonjwa. Wa kwanza walikuwa wale arobaini na kitu. Bosi alimpa maneno ya kusema, na akamtaka ayarudie mbele yake: "Tunapiga kutoka hospitali ya macho. Nafasi imepatikana."

"Tusiwaambie kwamba tuliwafuta?"

"Nafasi imepatikana," alisema bosi. "Basi."

Akapiga. Wengine namba zilikuwa zimekufa. Baba mmoja alisema mtoto amekwisha kuzoea, wasimsumbue. Waliobaki walishukuru, na hao ndio waliomuumiza. Bibi mmoja alimwombea dua ndefu, yeye na kizazi chake, akimwita mwanangu, huku Sindano ameshika simu mbali kidogo na sikio.

Mwaka ukapita, na mwingine. Pale kwenye meza ya simu aliyajua majina ya kliniki zote kwa masikio. Ndipo akagundua kwamba kliniki moja, ya watu wa machimbo ya kokoto, haimo. Wiki ya kwanza alidhani hawana wagonjwa. Wiki ya tatu akampigia karani wao, akaambiwa orodha inatumwa kila Alhamisi kama kawaida. Walichobadilisha ni kichwa cha safu tu, palipoandikwa "Simu" sasa pameandikwa "Namba ya simu". Sindano alielewa papo hapo. Kisanduku kilitafuta safu iitwayo Simu, kikaikosa, kikaiweka kliniki nzima kando na kuwasha alama ndogo ya njano. Ukikifungua kinakuonyesha. Usipokifungua, kinakaa kimya.

Alipanda ngazi. Bi Visanduku alikuwa na wageni, vijana wawili waliokuja kujifunza mfumo.

"Kliniki ya machimbo haitoki," Sindano alisema. "Fungua kisanduku cha simu, utaona."

"Dada," alisema Bi Visanduku, akiwatazama wale vijana, "aliyekosa hupenda kuwaona wenzake wamekosa. Mfumo ungekuwa na shida ungesema."

"Umesema. Ni alama ya njano."

"Nitaangalia nikipata nafasi."

Hakupata nafasi mpaka mwezi ulipokwisha. Katika mwezi huo madaktari wageni walikuja kwa kambi ya upasuaji wa presha ya macho, wakafanya kazi yao, wakaondoka, na watu wa machimbo hawakuitwa hata mmoja. Safari hii hakikuitwa kikao. Kwenye taarifa iliandikwa kwamba mfumo ulipata hitilafu na umerekebishwa. Sindano aliisoma taarifa ile ikiwa imebandikwa ubaoni. Kosa la skripti lilikuwa na mwenyewe, mwenye shingo na uso wa kutazamwa. Kosa la visanduku lilikuwa la mfumo, na mfumo hauna uso.

Akapewa orodha ya machimbo apige simu. Wa kwanza alikuwa mvunja mawe, mzee kidogo, ambaye daktari alikuwa ameandika pembeni ya jina lake: haraka.

"Tunapiga kutoka hospitali ya macho," alisema Sindano.

"Enhe, mama. Nawasikiliza."

Maneno ya bosi yalikuwa mdomoni. Aliyasema mara nyingi mno, yangetoka yenyewe.

"Ulitakiwa kuitwa mwezi uliopita, baba," alisema. "Orodha yenu ilituponyoka hapa kwetu. Madaktari walikuja wakaondoka. Kosa ni letu, si lenu."

Upande wa pili zilisikika kelele za nyundo juu ya mawe.

"Jicho la kushoto lilizimika wiki iliyopita," alisema yule mzee. "Nilidhani ni vumbi."

Mzee hakutukana. Alisema, "Haya. Ahsante kwa kuniambia," akakata. Jioni alimweleza mwanawe, na mwanawe, aliyekuwa na maneno, akapiga simu redioni. Kesho yake redio ilikuwa inauliza ni nani aliyewasahau watu wa machimbo.

Bosi hakuuliza nani aliwasahau. Aliuliza nani aliwaambia. Kabla ya mchana barua ya kumfukuza Sindano ilikuwa tayari.

Bi Visanduku ndiye aliyetumwa kumsindikiza hadi getini. Waliteremka pamoja. Kwenye ngazi ya mwisho Bi Visanduku akasimama.

"Maneno mawili tu, dada," alisema. Sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, au kitu kilichofanana nayo sana. "Nafasi imepatikana. Ungeyasema hayo, ungestaafia hapa."

"Kile kisanduku," alisema Sindano, "usikipe jina moja la safu. Kipe majina yote mawili. Na kikikosa, bomba zima lisimame, lisipite. Watu wakikuuliza kwa nini limesimama, utajua."

"Nimekusikia."

"Utafanya?"

Bi Visanduku alinyoosha mkono, kiganja juu, akangoja kama mtu anayengoja chenji.

"Kadi ya mlango," alisema.

Sindano aliivua shingoni, akampa.